Na Aliyenoa Kisu, Je?

Swali: "Nasoma kemia, mwaka wa pili. Mjomba wangu ni mwanajeshi mstaafu, na kila tukikutana huniambia kuwa sisi watu wa sayansi ndio tuliowaletea binadamu mabomu na gesi za sumu. Mimi humjibu kwamba kisu hakina kosa, mwenye kosa ni aliyekishika. Juzi akanigeuzia kibao: 'Na yule aliyekinoa huku akijua kinakwenda kumchinja nani, yeye hana kosa?' Nikabaki kimya. Naomba unisaidie. Sayansi inastahili lawama kwa matumizi mabaya ya uvumbuzi wake, au haistahili?"

Jibu:

Mwanangu, hapo mjomba wako amekushinda kihalali. Hoja ya kisu nimeisikia kwa maprofesa, na mimi mwenyewe niliitumia sana ujanani, lakini ina tundu na mzee ameliona. Inamtaja mshika kisu peke yake, kana kwamba visu huota vyenyewe porini. Kabla kisu hakijamfikia mchinjaji, yupo aliyechimba chuma, aliyekifua, aliyekinoa, aliyekiuza, na yupo aliyekuwa amekaa pembeni akasikia mnunuzi akisema anakwenda kukifanyia nini. Huwezi kuwapa wote hao kosa la uzito mmoja. Wala huwezi kuwaachia wote waende zao.

Ndiyo maana naona swali lenyewe limekaa upande. Sayansi haina mikono, haipokei mshahara wala haisaini mkataba. Wanasayansi wana mikono, wanapokea na wanasaini. Ukitaka kuona lawama iko wapi, uliza nani alifanya nini, siku ile alikuwa anajua nini, na alikuwa na nafasi gani ya kukataa. Ukiuliza hivyo utakuta watu wenye elimu ileile, waliokaa hata chumba kimoja, mmoja ana kesi ya kujibu na mwenzake hana.

Tuanze na klorini, maana hiyo umeshakutana nayo maabarani. Ukifungua chupa kabla ya kuwasha feni, koo linawasha hata hujaiona rangi yake. Carl Wilhelm Scheele aliitengeneza huko Sweden mwaka 1774, bila hata kujua kuwa ni elementi. Kwa zaidi ya miaka mia moja kazi yake kubwa ilikuwa kung'arisha nguo. Mwaka 1908 mji wa Jersey City nchini Marekani ukaanza kuitia kila siku kwenye maji ya bomba, miji mingine ikafuata, na homa ya matumbo ikaanza kurudi nyuma. Kemia yake unaijua: Cl₂ + H₂O → HCl + HOCl. Ile HOCl, asidi ya hipoklorasi, ndiyo inayoua vijidudu ndani ya tangi.

Sasa uhamishe mlinganyo huohuo, usiubadilishe hata herufi, uupeleke karibu na mji wa Ypres, Ubelgiji, jioni ya tarehe 22 Aprili 1915, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Jeshi la Ujerumani lilikuwa limefukia mitungi zaidi ya 5,000 ya klorini mbele ya mahandaki yake, na kwa siku kadhaa lilikuwa likingoja upepo ugeuke. Ulipogeuka, mitungi ikafunguliwa. Klorini ni nzito kuliko hewa karibu mara mbili na nusu, kwa hiyo lile wingu la kijani lenye umanjano halikupaa. Lilitambaa chini, likaingia kwenye mahandaki ya askari wa Ufaransa na wa Algeria. Maji iliyoyakuta safari hii hayakuwa ya tangini, yalikuwa unyevu wa macho, koo na mapafu. Mapafu yakichomeka hujaa majimaji, na mtu anazama akiwa nchi kavu.

Ukiniuliza kama mlinganyo ule una kosa, nitacheka. Lakini pale Ypres haukuwapo mlinganyo peke yake. Alikuwapo Fritz Haber, mkuu wa taasisi kubwa ya kemia mjini Berlin. Yeye ndiye aliyeishawishi serikali kuhusu gesi, akakusanya wanasayansi vijana, akafundisha kikosi, na akaenda mwenyewe mstari wa mbele kusimamia mitungi. Hapa mjomba wako atafurahi kidogo: makamanda kadhaa wa Kijerumani waliichukia silaha ile na waliona haya kuitumia. Aliyeisukuma hakuwa mwanajeshi, alikuwa mkemia. Makubaliano ya Hague ya mwaka 1899 na 1907, yale ya mataifa kuhusu sheria za vita, yalikwisha kukataza sumu vitani, na Haber aliyajua. Hakuna aliyemwibia uvumbuzi wake usiku. Alikifua kisu, akakinoa, akakibeba hadi mlangoni.

Na mtu huyohuyo, mwanangu, pengine ndiye aliyekulisha leo. Mwaka 1909 alionyesha njia ya kuunganisha naitrojeni ya hewani na haidrojeni ili kupata amonia, kwa kutumia joto kali, shinikizo kubwa na kichocheo. Carl Bosch akaipeleka kiwandani, na mwaka 1913 kiwanda cha Oppau kikaanza kazi. Mbolea ya naitrojeni inayotoka kwenye njia hiyo inakadiriwa kuwalisha karibu nusu ya watu wote duniani. Vita vilipoanza mwaka 1914, Waingereza wakaifungia Ujerumani njia za baharini, naitreti ya kutoka Chile ikawa haifiki tena, na ile amonia ya mbolea ikageuzwa kuwa asidi ya naitriki ya kutengenezea baruti. Kiwanda kilekile, mabomba yaleyale.

Je, Haber alaumiwe kwa baruti hiyo? Mimi simlaumu kwa kuivumbua njia ya amonia. Dunia ilikuwa inaihitaji, wenzake wengi walikuwa wakiitafuta, na matumizi yake ya kwanza na makubwa hadi leo ni chakula. Kwa klorini ya Ypres namlaumu waziwazi. Ni mtu mmoja mwenye hesabu mbili, na moja hailipi deni la nyingine. Watu hupenda kumpima Haber kwenye mizani moja, waliolishwa huku na waliouawa kule, kisha waseme amefaulu au ameshindwa. Naona ni mchezo wa kitoto. Anayekugonga kwa gari akiwa mlevi hasamehewi kwa sababu jana yake alikupa lifti.

Mkewe, Clara Immerwahr, naye akiwa na udaktari wa kemia, alijipiga risasi kwa bastola ya mumewe tarehe 2 Mei 1915, siku kumi baada ya Ypres. Sababu hasa wanahistoria wanaibishania hadi leo, nami sipendi kumfanya marehemu kuwa hoja, kwa hiyo naishia hapo.

Kuna kijana mmoja katika kikosi cha Haber nataka umkumbuke. Anaitwa Otto Hahn. Alipoitwa kujiunga, alimkumbusha mkubwa wake kwamba gesi inavunja makubaliano ya Hague. Haber akamjibu kwamba silaha hiyo ingemaliza vita mapema na kuokoa maisha ya watu wasio na idadi. Hahn akakubali. Baadaye, upande wa mashariki, alikutana na askari wa Kirusi waliokuwa wakifa kwa gesi waliyopelekewa na kikosi chake, akajaribu kuwasaidia wachache kwa kifaa chake mwenyewe cha kupumulia. Aliandika uzeeni kwamba aliona aibu kubwa. Vita havikuisha mapema, viliendelea miaka mitatu na nusu, pande zote zikapeana gesi, na waliokufa kwayo wanakadiriwa kufika 90,000. Mwenzake mwingine kikosini alikuwa mwanafizikia James Franck. Wote wawili wanarudi sasa hivi.

Tunaruka hadi Desemba 1938. Hahn yuko Berlin na Fritz Strassmann, wanapiga urani kwa nyutroni, na katika mabaki wanakuta bariamu. Matokeo hayo hayaingii akilini: uzito wa bariamu ni zaidi kidogo tu ya nusu ya uzito wa urani. Hahn anamwandikia Lise Meitner, mwanafizikia aliyefanya naye kazi kwa miaka thelathini, ambaye miezi michache nyuma ametoroka Ujerumani kwa kuwa ana asili ya Kiyahudi na sasa yuko Sweden. Sikukuu ya Krismasi Meitner yuko katika mji mdogo wa Kungälv, na mpwa wake, Otto Frisch, naye mwanafizikia, amekuja kumtembelea. Wanatoka nje kwenye theluji, kijana na skii zake, shangazi kwa miguu. Wanakaa juu ya gogo, wanatoa vipande vya karatasi, wanapiga hesabu. Kiini cha urani kinaweza kuwaziwa kama tone la maji linalotikisika: likivutika sana linakatika kiunoni na kuwa matone mawili. Uzito kidogo unapotea, na kwa kanuni ya Einstein uzito huo unageuka nishati, kama elektronivolti milioni 200 kwa kila kiini.

Sasa niambie, juu ya gogo lile nani alikuwa na kosa?

Mimi sioni hata mmoja. Walikuwa wanajibu swali la kweli kuhusu maumbile. Na hata wangezirusha karatasi zile kwenye theluji, jambo lingejulikana tu. Mwanafizikia Enrico Fermi alikuwa amekwisha kuipasua urani mjini Roma mwaka 1934 bila kutambua alichofanya, na Paris walikuwa karibu kabisa na jibu. Wanaosema "bora wangenyamaza" wanadhani ujuzi ni siri ya mtu mmoja. Ujuzi wa aina hii ni kama kisima: maji yako chini kwa kila mwenye jembe. Ukweli mwingine ni kwamba mvumbuzi mara nyingi haoni mbele. Mwaka 1940 mwanahisabati Mwingereza G. H. Hardy aliandika kwa majivuno kwamba nadharia ya namba na nadharia ya rilativiti hazijapatikana kuwa na kazi yoyote ya kivita. Leo siri za majeshi hufungwa kwa nadharia ya namba. Huwezi kumhukumu mtu kwa ramani ya barabara ambayo haijachongwa.

Lakini ona watu hawa walivyoachana njia baada ya gogo, kwa sababu hapo ndipo jibu lako lilipo.

Mwaka 1940, akiwa Birmingham, Frisch aliandika pamoja na mwanafizikia mwenzake Rudolf Peierls waraka kwa serikali ya Uingereza kueleza kwamba bomu la urani linawezekana. Katika waraka huohuo waliandika kwamba silaha hiyo isingeweza kutumika bila kuua raia wengi, na kwamba huenda hilo likaifanya isifae kutumiwa na nchi hiyo. Waliihofia Ujerumani ya Hitler, ambayo Frisch alikuwa na sababu zote za kuihofia. Hatimaye akaenda Los Alamos, maabara ya siri ya Marekani, kulitengeneza. Shangazi yake naye alialikwa mwaka 1943. Akakataa katakata kuhusika na bomu, ingawa naye alikuwa amefukuzwa na Hitler yuleyule. Hesabu waliipiga pamoja kwenye theluji, uamuzi kila mtu akaufanya peke yake. Frisch simhukumu vikali, maana alinoa kisu akidhani jirani anakuja na panga, na aliandika wazi kisu kitafanya nini. Lakini siwezi kusema hakuhusika, na nadhani hata yeye asingesema hivyo.

Joseph Rotblat, mwanafizikia Mpolandi aliyekuwa akifundisha Liverpool, naye aliingia Los Alamos kwa hofu hiyohiyo ya bomu la Ujerumani. Mwishoni mwa mwaka 1944 ikabainika kwamba Wajerumani hawana bomu wala hawakaribii kulipata. Wengi waliendelea na kazi. Kazi ilikuwa tamu, wenzao walikuwa palepale, na tatizo la kiufundi lilikuwa linakaribia kutatuka. Rotblat akasema: sababu iliyonileta imekwisha. Akafunga mizigo. Akageukia fizikia ya tiba, na kwa miaka mingi akawa nguzo ya mikutano ya Pugwash ya kupinga silaha za nyuklia, iliyoshinda naye Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1995. Namtaja kwa sababu anavunja kisingizio ninachokisikia sana, kwamba ukishapanda treni huwezi kushuka.

Na James Franck? Yule wa kikosi cha gesi alikuwa sasa Chicago, katika mradi wa Marekani. Nadhani mtu aliyewahi kusikia hoja ya "tutaokoa maisha kwa kumaliza vita mapema" huisikiliza mara ya pili kwa sikio jingine. Aliingia mradini kwa sharti kwamba kabla ya bomu kutumika atapata nafasi ya kusema lake kwa wakubwa. Juni 1945 aliongoza kamati iliyoandika ripoti ya kushauri kwamba Japani isipigwe kwa kushtukizwa, bali bomu lionyeshwe kwanza mahali pasipo watu, mbele ya wajumbe wa mataifa. Julai, mwanafizikia mwenzake Leo Szilard akakusanya sahihi za wanasayansi 70 kwenye waraka kwa Rais Truman, waraka ambao haukumfikia kabla ya bomu. Tarehe 6 Agosti Hiroshima ikapigwa, tarehe 9 Nagasaki. Wanasiasa walioamua siwasahau, ila hukuniuliza habari zao.

Siku ile ya Hiroshima, Otto Hahn alikuwa amezuiliwa Uingereza, katika nyumba iitwayo Farm Hall, pamoja na wanasayansi wengine wa Kijerumani. Alipopewa habari alivunjika moyo, akasema anajiona anahusika na vifo vya watu wale kwa sababu uvumbuzi ulikuwa wake. Kila nikisoma kisa hicho namhurumia, na papo hapo naona amekosea hesabu. Kwa urani alikuwa hana kosa. Alifanya jaribio la kemia, akachapisha matokeo yake, dunia nzima ikayasoma. Kesi yake ilikuwa ile ya 1915, alipoijua sheria, akaitamka kwa mdomo wake, kisha akabeba mitungi. Aliumizwa na lisilo lake, na pengine hayo ndiyo malipo ya kuuliza swali la "sayansi" badala ya swali la "mimi nilifanya nini".

Hadi hapa nimekupa mifano ya vita, na mtu anaweza kusema vita ni dharura. Ngoja nikupe ile inayonikera kuliko bomu, kwa sababu haina Hitler ndani yake.

Desemba 1921, katika maabara ya General Motors, Thomas Midgley aligundua kwamba kiasi kidogo cha tetraethili ya risasi ndani ya petroli huzuia injini kugonga. Nasema risasi ile ya madini. Kwamba risasi ni sumu lilikuwa jambo la kale, lililojulikana tangu enzi za Warumi. Midgley mwenyewe iliwahi kumdhuru hadi akaenda kupumzika Florida mwaka 1923. Kulikuwa na njia nyingine, ethanoli, ambayo aliijua na alikuwa ameifanyia majaribio, lakini pombe kila mtu anaweza kuichachua, huwezi kuimiliki. Dawa ya risasi iliweza kumilikiwa. Ikapewa jina la biashara "Ethyl", na neno risasi likaachwa nje. Oktoba 1924, katika kiwanda cha kuitengenezea huko New Jersey, wafanyakazi wakaanza kuona vitu visivyokuwepo na kuweweseka. Watano wakafa. Tarehe 30 mwezi huo Midgley akasimama mbele ya waandishi wa habari, akajimiminia ile dawa mikononi, akainusa kwa kama dakika moja, akawaambia haina neno.

Simama kidogo hapo, mwanangu. Huyu si mtu aliyeibiwa uvumbuzi. Si mtu asiyejua. Ni mkemia anayeitumia heshima ya koti jeupe kama pazia. Daktari Alice Hamilton, bingwa wa magonjwa ya viwandani, alionya waziwazi mwaka 1925. Kwa miaka kama arobaini baada ya hapo, sehemu kubwa ya utafiti wa afya kuhusu petroli ile ililipiwa na walewale waliokuwa wakiiuza. Kilichovunja ukimya ni kioja. Mwanasayansi Clair Patterson alikuwa akipima umri wa Dunia kwa kutumia risasi iliyomo kwenye kimondo, akapata miaka bilioni 4.55, hesabu aliyoichapisha mwaka 1956 na ambayo bado inasimama. Lakini kila alipopima alikuta risasi ya ziada kila mahali: kwenye vyombo, kwenye maji, kwenye vumbi la sakafuni. Akalazimika kujijengea maabara safi kupindukia, kisha akauliza risasi yote hii inatoka wapi. Mwaka 1965 alichapisha jibu. Fedha za utafiti alizokuwa akipata kutoka sekta ya mafuta zikakatika. Nchi moja moja zikaanza kuipiga marufuku, na ya mwisho kuacha kuiuza kwa magari, Algeria, iliacha mwaka 2021. Karne nzima.

Wahenga walisema kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana. Sisi wanasayansi tunajua sana kusherehekea mimba. Tunatoa tuzo, tunaandika majina kwenye vitabu. Mtoto akianza kuuma watu tunasema tayari ni wa serikali, ni wa kampuni, ni wa soko. Kosa la wanasayansi wengi ninaloliona si kuvumbua. Ni kuona ushahidi wa madhara, kuwa miongoni mwa watu wachache wanaoweza kuusoma, kisha kukaa kimya kwa kuwa kuna mkopo wa nyumba wa kulipa. Nami nimewahi kukaa kimya. Jambo lenyewe halikuwa kubwa, ni ripoti ya maji ya kiwanda kimoja iliyolainishwa maneno kabla ya kutoka, nami jina langu likabaki chini yake. Silitaji ili nionekane mnyenyekevu. Nataka ujue linavyokuja: halikuja na pembe, lilikuja kama barua pepe ya adabu siku ya Ijumaa jioni, ikiomba neno "inazidi" libadilishwe liwe "inakaribia".

Kuna mahali pengine ambapo hoja ya kisu inafia kabisa, nako ni pale ujuzi wenyewe ulipokuwa wa uongo. Neno la Kiingereza la "kuboresha uzao" wa binadamu lilibuniwa na Francis Galton mwaka 1883. Kwa zaidi ya nusu karne vyuo vikubwa vilifundisha kwamba umaskini, uhalifu na upungufu wa akili vinarithiwa kama rangi ya macho, na kwamba watu fulani wasiachwe kuzaa. Mwaka 1927 Mahakama Kuu ya Marekani ikahalalisha kuwafunga watu kizazi kwa nguvu. Ujerumani ikatunga sheria yake Julai 1933, na watu wapatao 400,000 wakafungwa kizazi, kwa maamuzi ya mahakama maalumu zilizokuwa na madaktari ndani yake. Hapo usiseme wanasiasa waliichukua sayansi safi wakaichafua. Ilichafuliwa madarasani, na wenye shahada, na waliowakosoa walikuwa wachache mno. Kama kuna mahali nitakubali neno "sayansi" kwenye hati ya mashtaka, ni hapo, kwa maana ya taasisi zake, majarida yake na uprofesa wake.

Nisikuache kwenye mambo ya kale tu, maana wewe utafanya kazi kesho. Kuna kampuni ndogo ya Marekani inayotafuta dawa kwa kutumia akili mnemba. Programu yao hubuni molekuli mpya, na kila molekuli inayoonekana kuwa na sumu hupunguziwa alama. Waliombwa watoe mada katika mkutano nchini Uswisi kuhusu hatari za teknolojia hizo, na kabla ya hapo, wanakiri wenyewe, hawakuwahi kulifikiria jambo hilo kwa uzito. Wakajaribu kugeuza: sumu iongezewe alama badala ya kupunguziwa. Chini ya saa sita, kompyuta ya kawaida ikawatolea molekuli 40,000, ikiwemo VX, mojawapo ya sumu kali kabisa za kivita, na nyingine zilizokadiriwa kuwa kali kuliko hiyo. Wakachapisha onyo mwaka 2022, wakayaficha yale yanayoweza kumsaidia mwovu.

Nimewapenda hao jamaa, unajua. Hawakugundua sumu yoyote kwa mikono, hakuna tone lililotengenezwa. Walichogundua ni kwamba kati ya kazi yao ya kutafuta tiba na kazi ya Haber kulikuwa na alama moja ya kutoa. Mbaya ni kile kipande cha kwanza: miaka yote wanaandika programu, hakuna aliyekuwa amewauliza, wala wao kujiuliza. Ndiyo maana nawapenda pia wale wanabiolojia walioitikia wito wa mwenzao Paul Berg mwaka 1974 wa kusimamisha kwa hiari baadhi ya majaribio ya kuunganisha DNA, wakakutana Asilomar, California, Februari 1975, wakapanga kanuni za usalama kabla ya kuendelea. Walikosolewa kwamba walizungumzia usalama tu, wakayaacha maswali mazito zaidi mlangoni, na ukosoaji huo ni wa haki. Lakini walisimama kabla ya ajali. Katika fani yetu hilo ni jambo adimu.

Sasa ukimrudia mjomba, usimpelekee jibu la ndiyo au hapana. Mkubalie la mnoaji, mpe na jina lake, Haber, na usisahau kumwambia kuhusu makamanda walioona haya. Kisha mrudishie lake. Kwenye kesi za Nuremberg, walikoshtakiwa watu wa Hitler baada ya vita, askari aliyesema "niliamriwa tu" hakuachiwa kwa neno hilo. Kwetu sisi kisingizio kinachofanana na hicho ni "mimi natafuta ukweli tu, matumizi si kazi yangu", na mimi sioni kwa nini kipewe uzito zaidi ya kile cha askari.

Na siku utakapopata kazi ya kwanza, kabla ya kuangalia mshahara, fungua ukurasa wa mkataba wenye kifungu cha usiri. Soma nani ana haki ya kuzuia matokeo yako yasichapishwe, kwa muda gani, na kama kuna neno lolote kuhusu madhara kwa afya ya watu. Kama halimo, omba liingizwe. Mara nyingi wanakubali, maana wengi hawaombi.

Mjomba msalimie. Muulize kama kikosini kwao alikuwapo mtu aliyewahi kukataa amri, na yalimpata yapi. Akikujibu, niandikie.